Mate badala ya damu: Kipimo kipya kitawafaa nini wakazi wa Arua na Koboko?

Mama anayempeleka mtoto mwenye homa katika kituo cha afya cha Koboko anajua kitakachofuata. Mhudumu atakipangusa kidole cha mtoto kwa spiriti, atakichoma, na tone la damu litawekwa kwenye kipimo cha malaria. Mtoto atalia kidogo, na baada ya robo saa hivi jibu litakuwa limepatikana. Utaratibu huo umeokoa maisha ya wengi. Hata hivyo, tone lile hujibu swali moja tu: je, ni malaria? Iwapo jibu ni hapana, mama hurudi kwenye benchi, na homa hubaki bila jina.

Katika maabara za nchi kadhaa, wanasayansi wamekuwa wakitengeneza chombo kinachoahidi kuuliza maswali mengi kwa wakati mmoja, tena bila sindano. Chombo hicho ni safu ya vihisi vilivyopakwa kingamwili, chenye uwezo wa kutambua protini nyingi katika matone machache ya mate. Kwa eneo la West Nile, linalopakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo na Sudan Kusini na kuhifadhi maelfu ya wakimbizi, ahadi hiyo si ndogo. Lakini historia ya eneo hilo hilo inaonyesha kuwa kati ya kipimo kizuri na mgonjwa aliyepona kuna safari ndefu.

Namna safu ya vihisi inavyofanya kazi

Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku. Ingawa sehemu kubwa ni maji, ndani yake mna mchanganyiko mkubwa wa protini. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha orodha ya protini 1,166 walizozitambua katika mate yaliyokusanywa moja kwa moja kutoka kwenye tezi za kinywa. Baadhi ya protini za mate hutengenezwa na tezi zenyewe, nyingine hupenya kutoka kwenye damu, na kiasi chake hubadilika mwili unapopambana na ugonjwa.

Kazi ya kihisi ni kuichagua protini inayotafutwa katikati ya msongamano huo. Hapo ndipo kingamwili zinapohitajika. Kila kingamwili hushika protini yake, mithili ya ufunguo na kufuli. Kingamwili ya kwanza hubandikwa kwenye kihisi na kuinasa protini. Ya pili, iliyobeba rangi inayong'aa, huja juu yake. Mwanga unaoonekana huwa ishara kwamba protini ipo, na ukali wa mwanga hueleza wingi wake.

Miongoni mwa waliotangulia katika kazi hii ni maabara ya profesa David Walt, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Tufts, jimboni Massachusetts. Mwaka 2009 kundi lake lilieleza chombo kilichotumia fungu la nyuzi za kioo zipatazo 50,000, kila moja nyembamba kuliko unywele. Ncha za nyuzi zilichimbwa vishimo, na katika vishimo hivyo vikatiwa vitufe vidogo visivyoonekana kwa macho, vikiwa vimepakwa kingamwili za aina mbalimbali. Chombo hicho kiliweza kupima protini 10 za uvimbe wa mwili kwa mara moja. Mwaka 2013 kundi hilo lilichapisha utafiti mwingine uliotumia njia hiyo kuchunguza mate ya wagonjwa wa mfumo wa kupumua.

Ni vyema kutofautisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Katika safu hizi, kingamwili ni ndoana ya kunasia protini. Katika vipimo vingine, kama vile vya VVU, kinachotafutwa ni kingamwili za mgonjwa mwenyewe. Kipimo cha aina ya pili kinaeleza kuwa mwili umewahi kukutana na adui. Hakielezi kila mara kama adui huyo bado yumo ndani.

Kwa nini protini moja haitoshi

Sababu ya kutafuta protini nyingi inaonekana wazi katika malaria. Vipimo vingi vya haraka vinavyotumika Afrika hutafuta protini iitwayo HRP2, inayotolewa na vimelea vya malaria aina ya falsiparamu. Katika Pembe ya Afrika wametokea vimelea waliopoteza jeni ya kutengeneza protini hiyo. Mgonjwa anaugua, kipimo kinasema ni mzima. Eritrea ililazimika kubadilisha vipimo vyake mwaka 2016 kwa sababu hiyo. Kipimo kinachotegemea alama moja huanguka siku alama hiyo inapofutika.

Upande wa mate, watafiti wakiongozwa na Rhoel Dinglasan wa Chuo Kikuu cha Florida walitangaza mwaka 2019 kuwa wameitambua protini nyingine ya vimelea, PSSP17, katika mate ya watoto wa Afrika, wakiwamo wa Kamerun, waliobeba malaria bila kuonyesha dalili. Watoto wa namna hiyo hawaendi hospitali kwa kuwa hawajisikii kuumwa, ilhali mbu huchukua vimelea kwao na kuvipeleka kwa wengine.

Kwa kifua kikuu, mantiki ya protini nyingi imefika mbali zaidi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, pamoja na wenzao wa nchi nyingine za Afrika, Uganda ikiwamo, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 716 waliofika katika vituo vya afya wakiwa na dalili za ugonjwa huo. Walichanganya viashiria saba vya protini. Mchanganyiko huo uliwatambua wagonjwa 93.8 kati ya kila 100, na kuwaondolea shaka watu 73.3 kati ya kila 100 wasiougua. Viwango hivyo vilikaribiana na vile ambavyo Shirika la Afya Duniani, WHO, lilivitaja mwaka 2014 kuwa vya chini kabisa kwa kipimo cha mchujo: asilimia 90 na asilimia 70.

Utafiti huo ulitumia damu. Mwaka huo huo watafiti wa Stellenbosch walichapisha pia kazi ya awali kuhusu protini za mate katika utambuzi wa kifua kikuu. Hapa lugha ya Kiswahili inasaidia, kwani inatenganisha mate na makohozi. Kipimo cha kifua kikuu kilichozoeleka hutaka makohozi, yale yatokayo kifuani kwa kukohoa. Watoto wadogo na wengi wanaoishi na VVU hushindwa kuyatoa. Mate kila mtu anayo.

Hesabu inayofaa kufanywa kabla ya kushangilia

Tuchukue mfano wa watu 1,000 wenye kikohozi cha muda mrefu, 100 kati yao wakiwa na kifua kikuu. Kipimo chenye uwezo uliotajwa hapo juu kitawanasa wagonjwa 94 na kuwakosa sita. Katika watu 900 wasio na ugonjwa, kitawaachia 660, na wengine 240 kitawatia katika kundi la washukiwa. Jumla ya washukiwa itakuwa 334, na wenye ugonjwa hasa ni 94.

Je, hayo ni mafanikio au hasara? Inategemea hatua ya pili. Mahali penye mashine ya GeneXpert, inayotafuta jeni za bakteria, kipimo cha mchujo kingewapunguzia wahudumu kazi kwa theluthi mbili: badala ya kupima makohozi ya watu 1,000, wangepima ya watu 334. Mahali pasipo na mashine hiyo wala gari la kupeleka sampuli, watu 240 wangeweza kuanzishiwa dawa za miezi sita bila sababu, na sita kurudi nyumbani wakiwaambukiza jamaa zao.

Hofu hiyo ina msingi. Mnamo Julai 2011 WHO ilizitaka nchi ziache kutumia vipimo vya damu vilivyotafuta kingamwili za kifua kikuu. Vipimo hivyo viliuzwa kwa wingi, zaidi ya milioni moja kwa mwaka kwa mujibu wa shirika hilo, hasa katika nchi ambazo udhibiti wa soko la vifaa vya tiba ni dhaifu. Vilitoa majibu ya haraka, na mengi yalikuwa ya uongo. Waliolipa ni wagonjwa wenyewe, kutoka mifukoni mwao.

Somo la malale

Wakazi wa Arua, Koboko, Maracha, Yumbe, Moyo na Adjumani wana uzoefu wao wa vipimo vya haraka. Uganda ndiyo nchi pekee duniani yenye aina zote mbili za malale, na aina ya kaskazini-magharibi, inayoenezwa na mbung'o wa kandokando ya mito, humla mtu polepole kwa miezi au miaka. Kwa muda mrefu waliougua hatua ya mwisho walitibiwa kwa melarsoproli, dawa yenye arseniki iliyowaua takriban watu watano katika kila 100 waliopewa. Kituo cha Omugo kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyobeba mzigo huo, na majaribio ya kuchanganya dawa yalifanyika hapo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Dawa ilipokuwa na hatari kiasi hicho, jibu chanya lisilo la kweli lilikuwa jambo la kufa na kupona.

Kuanzia mwaka 2013, kwa ushirikiano na taasisi ya FIND ya Geneva, vituo vya afya vya eneo hilo vilipewa kipimo cha haraka kinachotafuta kingamwili za malale katika tone la damu. Kipimo hakihitaji umeme wala jokofu. Sambamba na hilo, vitambaa vidogo vya buluu vyenye dawa ya kuua mbung'o vilisimikwa kandokando ya mito. Visa vikapungua hadi kuhesabika kwa vidole, na mwaka 2022 WHO ilithibitisha kuwa Uganda imeutokomeza ugonjwa huo kama tatizo la afya ya umma.

Lakini ugonjwa unapokuwa nadra, kipimo kizuri huanza kuonekana kibaya. Tuseme watu 10,000 wanapimwa, mmoja tu ni mgonjwa, na kipimo hukosea kwa watu wawili katika kila 100 walio wazima. Watu wapatao 200 wataambiwa wana dalili ya malale, na 199 au zaidi kati yao watakuwa hawana. Dalili ya mvua ni mawingu, ila si kila wingu hunyesha. Kilichofanikisha kazi ya West Nile hakikuwa kile kijikipimo peke yake. Nyuma yake palikuwa na vituo vyenye hadubini, maabara zilizopima vinasaba vya vimelea, na watumishi waliowafuata walioonyesha dalili ili kuhakikisha.

Mate nayo yalikwisha kufikiriwa. Mwaka 2003 watafiti wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, walionyesha kuwa kingamwili za malale hupatikana katika mate ya wagonjwa. Kikwazo kilikuwa uchache wake. Kwa kawaida, kingamwili za aina kuu ya damu hupatikana kwenye mate kwa kiasi cha takriban sehemu moja kwa elfu. Kihisi kisicho kikali hakitaziona.

Mate ambayo tayari yanapimwa

Kwa upande wa VVU, kizuizi hicho kilivukwa. Uganda ni miongoni mwa nchi zilizokubali kipimo cha kujipima kwa kijiti kinachopitishwa kwenye ufizi, ambako majimaji yenye kingamwili nyingi zaidi hutoka. WHO ilipendekeza kujipima mwezi Desemba 2016. Jibu husomwa kati ya dakika 20 na 40, na mtu hutakiwa asile wala kunywa muda mfupi kabla ya kupima.

Manufaa yake yanaonekana kwa wale wasiofika hospitali kwa urahisi: mume anayeletewa kijiti na mkewe kutoka kliniki ya wajawazito, dereva wa lori anayelala mpakani Oraba, kijana anayeogopa kuonekana kwenye foleni. Mipaka yake pia inajulikana. Maambukizi mapya huweza kumpita. Anayetumia dawa za kupunguza makali anaweza kupata jibu hasi lisilo sahihi, akadhani amepona. Ndiyo maana jibu chanya la kijiti halihesabiwi kuwa la mwisho. Ni mwito wa kwenda kupimwa damu.

Mpakani nako suala la majimaji ya kinywa lina uzito wake. Mwishoni mwa Juni 2019, wakati wa mlipuko wa Ebola mashariki mwa Congo, kisa kilithibitishwa katika eneo la afya la Ariwara, mji wa soko ambao wafanyabiashara wa Arua huuendea kila wiki. Oktoba mwaka huo mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kipimo cha haraka cha Ebola kinachoweza kutumia majimaji ya kinywa ya marehemu. Familia inayosubiri kumzika mpendwa wake hupata jibu mapema, na timu ya mazishi hujua ivae nini. Hata hapo, jibu hasi halikuruhusiwa kuwa hukumu ya mwisho.

Yanayokosekana kati ya maabara na kituo cha afya

Maswali matatu yanabaki kuhusu safu za protini nyingi.

La kwanza ni kipimo cha uzima. Ili kusema protini imezidi, sharti ijulikane kiasi chake kwa mtu asiyeugua. Viwango vilivyowekwa kwa mate ya wakazi wa Massachusetts haviwezi kuhamishiwa Koboko bila kupimwa upya. Mkazi wa West Nile anaweza kuwa na vimelea vya malaria, minyoo na ufizi unaovuja damu kwa pamoja, na protini za uvimbe hupanda kwa yote hayo. Mkimbizi katika kambi ya Rhino, Imvepi au Lobule huenda akawa na hali nyingine tena, kwa sababu ya lishe na safari aliyopitia. Bila utafiti uliofanywa kwa watu hao wenyewe, safu ya vihisi itaona uvimbe kila mahali.

La pili ni nishati na joto. Kingamwili ni protini, na huharibika kwa joto. Chombo cha nyuzi za kioo huhitaji mwanga maalumu, kamera na kompyuta. West Nile ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ikitegemea bwawa dogo la Nyagak na jenereta. Kipimo cha malale kilifaulu kwa sababu kilibuniwa kwa ajili ya mazingira hayo. Chombo kinachotaka chumba chenye kiyoyozi kitaishia Kampala, au katika Hospitali ya Rufaa ya Arua kwa bahati njema, huku mgonjwa akiwa kijijini.

La tatu ni ridhaa na lugha. Kuchukua mate hakuumi, na kwa hiyo ni rahisi kuyachukua bila maelezo ya kutosha. Ilhali mate hubeba mengi: protini, vijidudu, hata vinasaba vya mtu na ukoo wake. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mate ya mzee ni baraka, na kitu kilichotoka mwilini hakiachwi ovyo mikononi mwa asiyejulikana. Mtafiti anayeeleza kwa Kiingereza katika mahali panapozungumzwa Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kilingala na Kiswahili hajaeleza. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data na faragha inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa maalumu. Mtu anayetoa mate ana haki ya kujua yanapimwa nini, yatahifadhiwa wapi, na nani atamletea jibu.

Mwanamke wa Omogo

Eneo hili lina kumbukumbu yake katika jambo hilo. Mwaka 1937 watafiti wa taasisi ya homa ya manjano ya Entebbe walichukua damu ya mwanamke mwenye homa, mkazi wa mahali walipopaandika Omogo, wilayani West Nile. Hawakukuta homa ya manjano. Walikuta kirusi kisichojulikana, wakakitangaza mwaka 1940, na kikapewa jina la wilaya. Mwaka 1999 kirusi hicho kilizuka New York, na leo vipimo na chanjo za farasi dhidi yake huuzwa katika nchi tajiri. Jina la West Nile linatajwa katika maabara za dunia nzima. La mwanamke yule halimo katika makala iliyomtambulisha kwa ulimwengu, wala kisa hicho hakikuiletea Omogo maabara.

Tofauti ya leo ni kwamba wapo watafiti wa Makerere na wa Entebbe waliosomea kazi hii, na wahudumu wa Arua na Koboko waliokwisha kuendesha mpango wa malale mpaka ukathibitishwa na dunia. Safu ya vihisi ikifika, wao ndio watakaojua iwekwe kituo gani, jibu lake lithibitishwe wapi, na mgonjwa asafiri kwa gharama ya nani. Kwa sasa mtoto mwenye homa Koboko bado atachomwa kidole, na mama yake, akiambiwa si malaria, bado atakuwa na haki ya kuuliza: basi ni nini?